Chupa Niliyoitafuta Kangeta

Kosa ninalolifichua hapa ni la kuhukumu bila ushahidi, na ni langu. Kwa miaka sita nilimwita kaka yangu mlevi. Nilimwita hivyo mbele ya mkewe, mbele ya binti yake, na mara moja katika mahubiri, bila kumtaja, lakini kwa namna ambayo kila aliyeketi kanisani alijua ageuzie wapi kichwa. Katika miaka hiyo yote kaka yangu hakuwa ametia tone la pombe kinywani.

Sijitetei. Ninaeleza tu jinsi mtu aliyesoma, anayeheshimiwa na wanafunzi wake na kuaminiwa na kanisa lake, anavyoweza kulifikia kosa kama hilo huku akiamini kwamba anatenda wema.

Lilianza kwa baba. Nilipokuwa shule ya upili, kila niliporudi nyumbani likizo nilimkuta akitembea kwa kushika ukuta, miguu imeachana kama ya mtu aliye juu ya gari linalokwenda. Baba alikuwa mpole, wa maneno machache. Sasa alifoka kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, na alilia redio ikitangaza mvua. Tukaamua kwamba anakunywa. Tulitafuta chupa chini ya kitanda, ghalani na katikati ya mashina ya miraa. Hatukuipata. Badala ya kusema kwamba chupa haipo, tulisema mzee ni mjanja. Kukosekana kwa ushahidi tukakugeuza kuwa ushahidi mkubwa zaidi, na baba akaingia kaburini na jina la mlevi. Mama hakulikubali jina hilo wala hakulikanusha. Alikuwa akiondoka tu barazani kila tulipolitaja.

Kaka yangu alibaki Kangeta na shamba la baba, nami nikaenda Embu kufundisha. Alikuwa na kipawa ambacho sikukithamini, kwa kuwa mimi ni adui wa miraa tangu ujana wangu: alikuwa mfungaji. Sokoni Kangeta wafungaji huketi kwa safu, kila mmoja na rundo lake na majani yake ya mgomba. Huchambua vijiti, hupunguza ncha, hupanga vifupi na vifupi na virefu na virefu, kisha huvifunga katika mafungu madogo waitayo surba. Surba kumi zikikusanywa huwa bunda moja. Magari ya Nairobi hayamngoji mtu, kwa hiyo mfungaji mzito hana nafasi katika safu ile. Kaka yangu alifunga huku akizungumza, huku akitazama barabara, huku akimjibu mtu wa tatu aliyekuwa nyuma yake. Kisha, alipopita miaka arobaini na mitano, akaanza kukosea. Alifunga kabla ya kuchambua. Alikunja jani kabla ya kuweka kitu ndani yake. Mkono wake ulitulia ukiwa umepumzika pajani, lakini kadiri ulivyoikaribia kamba ndivyo ulivyotetemeka, na ulipoifikia uliipita.

“Mzee, jana ulilala wapi?” wenzake walimtania. “Kamba inakukimbia!”

“Haimkimbii,” alidakia mwingine. “Anaziona kamba mbili, hajui ashike ipi.”

Mimi nilipopita pale nikasikia, niliona haya kwa niaba ya ukoo mzima.

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyesoma maisha yake kando ya kaburi. Nilikuwa nimeyaandika kwa uangalifu. Nilipofika mahali nilipoeleza jinsi alivyobeba maji kutoka bondeni akiwa mjamzito, kaka yangu akacheka. Halikuwa tabasamu la mtu aliyekumbuka jambo. Kilikuwa kicheko cha kifua kizima, kirefu, kilichopanda na kupanda huku waombolezaji wakitazama viatu vyao. Nilikunja karatasi yangu. Nikamwambia, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanawake waliokuwa jikoni, “Nenda ukalale. Ukizinduka utakuja kumwomba mama msamaha.” Hapo akaanza kulia, kwa nguvu ileile aliyochekea. Nami nikayahesabu machozi hayo kuwa ya pombe pia.

Hatukusemezana mwaka mzima.

Mwaka uliofuata binti yake akapata mchumba. Binti huyo ni ofisa wa kilimo kule Mitunguu, kwenye mashamba ya ndizi yanayomwagiliwa maji, na kijana aliyempata hukohuko ni mtoto wa wakulima wa chai wa Runyenjes, upande wa Embu. Watu wetu wa Igembe wana desturi moja ambayo hata sisi watu wa kanisa hatujaiacha. Wanaokuja kuposa huleta ncoolo, yaani fungu teule la miraa lililofungwa kwa ustadi na kuvikwa jani la mgomba. Huliweka mbele ya baba wa msichana. Akilifungua na kuwagawia waliopo, amekubali mazungumzo yaanze. Akiliacha limefungwa, wageni huaga na kuondoka, na hakuna anayewaeleza sababu. Hakuna hotuba inayoweza kuchukua nafasi ya mikono ile ya baba.

Niliwatumia nyumbani ujumbe kwamba nitaketi mimi katika kiti cha baba wa msichana. Niliandika kwamba ukoo umeshaaibishwa kaburini na hautaaibishwa tena mbele ya wakwe.

Siku tatu baadaye shemeji yangu, mke wa kaka, alifika nyumbani kwangu Embu. Alikataa kochi akavuta kiti cha mbao.

“Mwalimu,” alisema, “wewe unasema baba watoto anakunywa.”

“Sisemi mimi. Miguu yake inasema.”

“Umewahi kumwona na glasi?”

“Mlevi mzoefu haonekani na glasi.”

“Basi mimi nimelala na huyu mtu miaka ishirini na saba, na pua yangu ni ya mapambo.” Hakucheka. “Sikia. Aprili shule zinafungwa. Njoo ukae kwangu siku saba. Tafuta. Pekua hata sufuria zangu. Ukipata chupa, siku ya ncoolo utaketi kwenye kiti chake na mimi mwenyewe nitakutandikia. Usipoipata, utampeleka hospitali kubwa, wewe kwa miguu yako, na kiti kinabaki chake.”

“Na kama huo ni mtego?”

“Mtego wa nini, shemeji? Mimi niko na ng'ombe wa kukama. Mtego ni wa watu wa likizo.”

Nikakubali kwa sababu nilikuwa na hakika ya kushinda.

Nilifika Kangeta mvua ikiwa imeshika vilima vya Nyambene. Siku ya kwanza na ya pili nilipekua kama askari. Niliingia ghalani, nikapanda darini, nikainua mawe ya zizi, nikanusa vikombe. Kaka yangu aliniona.

Siku ya tatu, kwa kukosa la kupekua, nikaanza kumtazama yeye mwenyewe.

Asubuhi hiyo alitaka kunipikia chai. Aliwasha moto, akasimama. Akaweka sukari ndani ya sufuria kavu, akasimama tena. Akamimina maziwa, akayatazama, akatoka nje kuchota maji, akarudi na kuni. Hakuwa amesahau chai ni nini. Ukimuuliza angekutajia kila kitu kinachohitajika. Kilichompotea ni kipi kitangulie na kipi kifuate, kana kwamba mtu ameondoa uzi na kuziacha shanga. Mkewe aliingia, hakumnyang'anya sufuria. Alisema neno moja, “Maji.” Akangoja mpaka maji yakaingia. Akasema, “Majani.” Akangoja. Chai ikaiva. Kaka yangu akanimiminia nusu kikombeni na nusu mezani, akafurahi kama mtu aliyejenga nyumba.

Mchana mchungaji alikuja kutuombea. Aliomba kwa kirefu, kama ilivyo desturi yake. Alipomaliza, kaka yangu, ambaye tangu utoto alikuwa mwenye haya kuliko sisi sote, akamwambia, “Mchungaji, umeomba mpaka chai imepoa. Mungu alisikia ile mara ya kwanza.” Nilitaka ardhi inimeze. Mchungaji akacheka kwa adabu. Shemeji akamgusa mumewe begani, naye akatambua alichosema, machozi yakamtoka, yakaendelea kumtoka hata baada ya sote kumwambia kwamba hakuna aliyekasirika.

Siku ya nne nilifuatana naye sokoni. Bado aliketi katika safu ya wafungaji, ingawa sasa walimpa kazi ya kutandaza majani tu. Alikuwapo mnunuzi mmoja kutoka mji wa Maua, Mwislamu, aliyenunua kwa kaka yangu tangu wote wawili walipokuwa vijana. Akanivuta kando.

“Mwalimu, nasikia unatafuta chupa.”

“Nani amekuambia?”

“Kangeta nzima inajua. Hata mbuzi wanajua.” Akasogea karibu. “Mimi sinywi. Baba yangu hakunywa. Mtu akipita na pombe ng'ambo ya barabara ninamjua. Huyu mzee nimekaa naye hapa bega kwa bega. Hana harufu, Mwalimu. Hajawahi kuwa nayo.”

“Na hamkumwambia mtu?”

“Nani angetuuliza? Wewe ulikuwa unapita hapa na uso wa kanisa.”

Nililala nikiwa nimeshindwa, lakini bado nilikuwa mkaidi. Ukaidi huo ulivunjika siku ya tano, alfajiri, kabla mtu yeyote hajala wala kunywa chochote. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kutoka zizini ilikuwa utelezi mtupu. Kaka yangu alikuwa akiipanda na ndoo ya maziwa iliyofunikwa. Alifika penye mtaro mdogo, mtaro ambao mtoto huuruka bila kuuona. Akasimama. Akaweka ndoo chini. Akautazama mguu wake wa kulia kama mtu anavyomtazama mfanyakazi asiyemwamini, akauinua, akauvusha, akausubiri utulie. Kisha wa kushoto. Kisha akageuka, akainama, akaichukua ndoo kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa ikisema kila hatua: inua, vuta, simama. Jasho lilimtiririka katika baridi ile ya Nyambene.

Nilikuwa mlangoni. Niliitazama miguu yangu. Ilikuwa imenileta kutoka kitandani bila kuniuliza neno. Nilikuwa nimeishi zaidi ya miaka hamsini nikihudumiwa na kitu ndani yangu nisichokijua, kitu kilichopima kila hatua, kila kijiko kilichofika mdomoni, kila kicheko kilichoishia mahali pake, na sikuwahi kukishukuru kwa kuwa sikujua kipo. Kaka yangu alikuwa akiifanya kazi ya kitu hicho kwa nafsi yake yote, peke yake, akiwa macho, kuanzia alfajiri mpaka jua lizame. Mimi nilikuwa nikimwita mvivu wa kujizuia. Nilivua kofia. Sikujua nimemvulia nani.

Nikamwambia shemeji, “Sikuipata.”

“Zimebaki siku mbili.”

“Hazihitajiki.”

“Basi kaa uzimalize,” alisema. “Kuna maharagwe ya kupukuchua.”

Nilimpeleka, kama tulivyokubaliana. Meru wakatutuma Nairobi, na Nairobi tukamwona daktari wa ubongo, mwanamke mdogo kwa umri kuliko wengi niliowafundisha. Alimwambia kaka yangu aguse pua yake kisha aguse kidole cha daktari, na mkono ukapita huku na huku kama nyuki asiyepata ua. Hilo nililitarajia. Kisha akamwomba ataje wanyama wengi awezavyo katika dakika moja.

“Ng'ombe,” alisema kaka yangu. “Mbuzi. Kondoo.” Akanyamaza. “Kuku.” Macho yake yakazunguka chumba kizima yakitafuta mnyama ukutani. “Ng'ombe,” alisema tena, na dakika ikaisha. Huyu ni mtu aliyezaliwa zizini.

Daktari akauliza, “Nani mwingine kwenu alitembea hivi?”

Nilifungua kinywa, lakini kaka yangu, mara hiyo, alikuwa na neno lake tayari. “Baba.”

Daktari alituonyesha picha ya kichwa chake. Kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mwingine mdogo ambao vitabu vya sayansi huuita serebela, ukubwa wake kama chenza. Picha ikiukata katikati, huonekana ndani yake mti mweupe wenye matawi na majani membamba kupita kiasi, yaliyopangwa kwa ufundi ambao sijauona katika kazi ya mkono wowote. Katika picha ya kaka yangu majani yalikuwa yamenywea, na palipokuwa na majani palikuwa na giza.

“Tulifundishwa kwamba sehemu hii ni ya miguu na mikono,” daktari alisema. “Hupima hatua isizidi wala isipungue. Sasa tunajua kwamba hupima mengi. Hupima neno, hupima mpangilio wa kazi, hupima hasira na kicheko. Ikidhoofika, hatua hupita alama, na kilio nacho hupita alama.”

“Na akili yake?” niliuliza.

“Muulize yeye. Yupo hapa.” Nilistahili jibu hilo. Kisha akaongeza kwa upole, “Anakumbuka, anaelewa, anapenda. Kilicholegea ni kipimo. Wengine ugonjwa huwapata miguuni tu. Yeye amepatwa kote.”

Kaka yangu aliinamia picha. “Kumbe nina mti kichwani,” alisema polepole. “Na umekauka.” Akacheka, na sikuweza kujua ni kicheko kipi.

Damu ilipimwa, na baada ya miezi jibu likaja kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi, na kwamba kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Hauna dawa ya kuuondoa, ingawa mazoezi na watu wa kusaidia hupunguza mzigo. Mimi nami ni mtoto wa baba yule. Bado sijapimwa, na sitajifanya kwamba ni kwa ujasiri.

Nimefundisha maadili maisha yangu yote, na kiasi ndiyo fadhila niliyoisifu kuliko zote. Nilidhani kiasi ni ushindi wa nia juu ya mwili. Bado naamini kwamba mtu atajibu kwa matendo yake, na sikubali uvivu ujifunike shuka la ugonjwa. Lakini sasa, ninapomwona mtu amezuia hasira yake kwa wakati, siharakishi kumsifu, na ninapomwona ameshindwa siharakishi kumpiga. Nafikiri kwanza juu ya mti ule mweupe. Aliyetuumba alikabidhi adabu yetu kwa majani membamba kuliko karatasi, akayaficha kisogoni tusipoweza kuyaona, na kwa walio wengi hayakauki. Nikilitafakari hilo darasani, wanafunzi hunikuta nimenyamaza katikati ya sentensi.

Ungedhani kwamba baada ya hayo nilikuwa nimetibiwa kosa langu. La. Lilibadili nguo tu. Desemba ilipokaribia, nilirudi Kangeta na mashauri mawili. La kwanza, kwamba niketi katika kiti cha baba, safari hii kwa huruma, ili kaka asiumbuliwe. Hili nililisema mezani, nikimwambia shemeji, kana kwamba mwenyewe hayupo.

Kaka yangu aliweka kijiko chini. “Ulitafuta chupa,” alisema. Alikuwa akikokota kila neno. “Ulipata?”

“Sikupata.”

“Basi kaa kwenye kiti chako.”

Shauri la pili nilimpa shemeji peke yake. Nilimwambia tusiwaeleze watu wa Runyenjes habari ya ugonjwa. Wakiuliza juu ya mwendo wa kaka, tuseme ni mgongo. Wakijua kwamba unarithiwa, watageuza gari. Binti alikuwa amekwisha kumweleza mchumba wake kila kitu, lakini kijana hakuwa amepata ujasiri wa kuwaambia wazazi. Hivyo ndivyo nilivyosema, mimi niliyewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa uongo mdogo kuliko huo. Shemeji alinitazama, akaendelea kuchagua mchele. Nilichukulia kimya chake kuwa kukubali.

Kwa majuma mawili alimzoeza mumewe. Alifunga fungu la vijiti kwa jani la mgomba, akaliweka mbele yake, akasema neno moja kwa wakati. Kamba. Jani. Chagua. Nyoosha mkono. Alipokosea hakumrekebisha, alianza upya. Mimi nilipewa kazi moja.

“Kunyamaza,” alisema. “Na kuwanyamazisha wengine. Usimmalizie neno, Mwalimu. Wewe unapenda kumalizia watu maneno.”

“Mimi?”

“Ona, sikuwa nimemaliza.”

Siku ikafika. Wageni walikuja watu tisa. Babake kijana alikuwa mzee mfupi mwenye koti zito la watu wa chai. Alikuwa ameibeba ncoolo kwa mikono miwili, mbali na mwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

“Kwetu tungekuja na chai,” alisema, na watu wake wakacheka. “Hii tumefungiwa hapa sokoni. Nikiishika vibaya, msinirudishe Embu.”

“Umeishika juu chini,” alisema mzee mmoja wa kwetu, “lakini tutakufundisha.”

Aliiweka mezani mbele ya kaka yangu. Wanawake hawasogei penye ncoolo, kwa hiyo shemeji alikuwa ng'ambo ya uwanja, mlangoni pa jiko, na hakuweza kusema hata neno moja kati ya yale manne. Mkono wa kaka yangu ukatoka pajani, ukaanza safari. Ukatetemeka, ukaipita kamba, ukarudi. Ukaipita tena. Nilikuwa na vidole vyangu nimevifunga chini ya meza, maana vilitaka kwenda kumsaidia. Mara ya tatu akaikamata kamba. Na hapo, mbele ya watu wale, kicheko kikamjia.

Nilikitambua. Kilikuwa kilekile cha kaburini, kikipanda na kupanda. Mtu anayecheka mbele ya ncoolo amewadharau wanaoposa. Kila mzee wa kwetu alijua hivyo, na nikaona wawili wakitazamana. Neno lilinifika kooni. Nilikuwa nimeshalipanga: mgongo, uchovu, dawa alizokunywa. Nikaling'ata.

Kaka yangu alishikilia kamba. Machozi yalikuwa yakimshuka huku akicheka. Akasema, neno kwa neno, “Ninacheka. Lakini sicheki. Ningojeni.”

Babake kijana hakubadilika uso. Alivua koti lake, akalitandaza juu ya magoti, akakaa vizuri zaidi. “Mzee,” alisema, “sisi tumetoka mbali. Hatuna haraka ya kurudi.”

Tukangoja. Kicheko kilipanda, kikafika kileleni, kikateremka chenyewe, kikaisha. Midomo ya kaka yangu ikaanza kusema yale maneno bila sauti, nami nikayasoma moja moja. Kamba ikalegea. Jani likafunguka. Akachagua kijiti kimoja, akaunyoosha mkono kuelekea kwa wageni wa Runyenjes, mkono ukayumba hewani huku na huku, na yule mzee wa chai akauacha uyumbe, hakuukimbilia, mpaka ukamfikia. Akakipokea. Akakitafuna, akakunja uso kwa uchungu wake, na uwanja mzima ukacheka pamoja. Mazungumzo yakaanza, na baba wa msichana alikuwa katika kiti chake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, nilimsindikiza babake kijana hadi kwenye gari lao. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka pia kujua.

“Ulijuaje kwamba hakuwa akikudharau?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Si tulielezwa? Mwezi uliopita. Alikuja mtu kwetu na boda boda, mvua ikinyesha, kote kule juu kwenye chai. Tukampa kikombe, akakataa kukigusa mpaka amalize kusema. Akatuambia kicheko, kilio, miguu, akatuambia na hiyo ya kurithi, akasema tukitaka kuacha tuache sasa, tusije kuacha hapa mbele ya mzee. Tulikaa juma zima tukifikiria. Tukasema, nyumba inayotuma mtu kama huyo, tutaoa kwayo.”

“Alikuwa nani?”

“Unaniuliza mimi, Mwalimu?” Alifungua mlango wa gari, akanionyesha kwa kidevu upande wa jiko, ambako moshi ulikuwa ungali ukipanda. “Shemeji yako.”